Kibokoni hadi Nyali, kupitia London

Msaidizi_Kibokoni aliuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina jambo limeninyima usingizi tangu mwezi uliopita, nalileta kwenu.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za madrasa yetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Tuna wanafunzi kama arobaini ambao hawawezi kufika kila jioni. Wengi wako Likoni na Mtongwe, na kuna mabinti wawili wa Kisauni ambao mama yao hataki wavuke daraja usiku. Baada ya Magharibi ustadh huwasomesha kwa video. Hatukutaka programu ya ng'ambo. Tulichanga, tukakodi seva ndogo katika kituo cha data huko Nyali, tukaweka programu huria ya mikutano. Tulijiambia mwalimu yuko Mombasa, watoto wako Mombasa, seva nayo iwe Mombasa, sauti itafika papo hapo.

Haifiki papo hapo. Ustadh akisoma aya na watoto wakaitikia, sauti zao zinamkuta ameshaingia aya ya pili. Anarudi nyuma, wao nao wananyamaza wakidhani amekosea, kisha wote wanaanza pamoja. Mwalimu wa tajwidi anataka kusikia urefu wa madda pale pale ulimi unapoikosea ili amrekebishe mtoto. Kwa hali hii hawezi. Ameniambia mara mbili kwamba anafikiria kuacha darasa hilo.

Wiki jana nikatumia tracert kuelekea seva yetu, ile amri ya kompyuta inayotaja kila ruta (kifaa kinachoelekeza data) ya njiani na muda wa kwenda na kurudi hadi kwake. Ruta yetu, milisekunde 1. Inayofuata 9, na jina lake lina herufi nbo (Nairobi). Nyingine 10, nbo tena. Halafu inaruka hadi 149, jina lina lon (London). Ya kampuni nyingine 150, lon pia. Kisha 160, mba (Mombasa). Seva yenyewe 160.

Kutoka hapa hadi Nyali ni kilomita tano au sita, ukivuka daraja umefika. Data yangu inafuata nini London? Kampuni ya intaneti ya madrasa imeniambia laini yangu ni nzima. Kampuni ya seva imeniambia seva ni nzima. Nimewaamini wote wawili, lakini darasa bado ni bovu.

Na kuna hili. Jumapili ya Mei 12, 2024, siku kebo zilipokatika kule pwani ya Afrika Kusini, darasa letu lilizimika kabisa. Kibokoni haikuweza kusema na Likoni kwa sababu ya waya uliokatika upande huo wa dunia. Sikuelewa siku hiyo, na sielewi mpaka leo.

FundiBakari_Likoni alijibu:

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Mimi huvuta faiba kwenye nguzo, kwa hiyo naanza na ninachokijua. Angalia kiwango cha mwanga kwenye modemu. Ukisoma kama −19 au −20, waya wako ni mzima. Ukikaribia −27 hapo ndipo pa kuita fundi. Lakini kwa namba ulizoandika, waya si tatizo, maana hadi ile ruta ya pili una 9 tu.

Swali langu liko karibu na lako. Tulifundishwa kwamba intaneti huchagua njia fupi yenyewe. Kama ni hivyo, mbona isichague ya daraja?

Mama_Mikindani alijibu:

Wanangu, nimefanya kazi ya ruta miaka ishirini na miwili, mingi yake hapa hapa Mombasa. Nimestaafu, niko Mikindani na wajukuu, lakini swali hili bado hunipandisha damu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Bakari, futa ramani ya Mombasa kichwani kwa muda. Ruta haijui daraja la Nyali na haijui kilomita. Intaneti ni makumi ya maelfu ya mitandao, kila mmoja una mwenyewe, mipaka yake, na namba yake iitwayo namba ya AS. Huku kwetu namba hizo hutolewa na AFRINIC, iliyoko Mauritius. Mitandao huambiana habari za njia kwa itifaki iitwayo BGP, iliyoanza mwaka 1989. Kila mtandao husimama mpakani na kumtangazia jirani: anwani fulani zinafikika kwangu, na mitandao ya kupitia ni hii na hii. Asiyetangaziwa hajui, hata kama nyaya zenu zimelala kwenye mtaro mmoja.

Nani anamtangazia nani ni suala la mkataba. Sisi watu wa bandarini neno transiti tunalijua. Kontena la Kampala linashuka Kilindini, linapita kwetu, na kuna anayelipia upitaji huo. Kwenye mitandao ni vivyo hivyo. Mtandao mdogo hununua transiti kwa mkubwa, na mkubwa anamfikisha dunia nzima. Namna ya pili ni ujirani: mitandao miwili inakubaliana kupeana data ya wateja wao bila malipo, kila mmoja aokoe pesa.

Hapo ndipo panapozaliwa umbo la intaneti. Njia niliyoipata kwa jirani siitangazi kwa jirani mwingine, wala kwa anayeniuzia transiti, kwa sababu nitakuwa nabeba mzigo wa watu bure. Njia za wateja wangu ndizo ninazotangaza kwa kila mtu, maana mteja ananilipa nimfikishe. Na ninapochagua, naanza na njia inayopita kwa mteja kwa sababu inaniletea pesa, kisha ya jirani kwa sababu ni bure, na ya kulipia mwisho kabisa. Lixin Gao na Jennifer Rexford walionyesha kwa hesabu mwaka 2001 kwamba mitandao ikifuata mpango wa namna hii njia hutulia zenyewe, hata bila mtu mmoja wa kuwapanga wote. Mimi nilikuwa naufuata kazini kabla sijajua kwamba kuna waliouandikia hesabu.

Ufupi huangaliwa baada ya hayo, na hupimwa kwa idadi ya mitandao. Njia ya kwenda London na kurudi inaweza kuwa na mitandao mitatu tu. Kwa BGP hiyo ni fupi sana.

Sasa, Msaidizi, namba zako zimesema mambo matatu, na moja hukuliona.

La kwanza, ruta yako ya pili tayari iko Nairobi. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Mombasa na Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 480. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5, ongeza mizunguko ya waya na vifaa vya njiani, unapata 9 yako. Kampuni nyingi huwapokea wateja wa nyumbani Nairobi. Laini ya Kibokoni hubebwa mzima mzima hadi huko kabla ruta yoyote haijauliza unakwenda wapi.

La pili, kule London umevuka kutoka kampuni moja hadi nyingine. Maana yake mtandao wa madrasa yako haukupata njia ya seva hapa Kenya. Umeipata kwa yule anayeuuzia transiti, na yeye hukutana na mtandao unaoibeba seva yako huko London.

La tatu ndilo hukuliona. Ukifika London una 149. Ukirudi Mombasa una 160. Umeongeza 11 tu! Pakiti, yaani kifurushi cha data, imesafiri London hadi Mombasa, na kwa namba zako safari hiyo peke yake ni kama 70. Kama jibu lingerudi kwa njia ile ile, ungeona karibu 300. Kwa hiyo kwenda unapita London, lakini kurudi unapita njia fupi, hapa hapa nyumbani. Tracert huonyesha njia ya kwenda tu. Ya kurudi huchaguliwa na mtandao wa upande wa pili kwa mikataba yake, na mara nyingi hazifanani.

Nikiunganisha, nadhani hivi: mkubwa anayeibeba seva yako anazisikia anwani za madrasa kwenye kituo cha kubadilishana cha Nairobi, mahali mitandao inapokutana kupeana data, ndiyo maana kurudi ni kufupi. Lakini za seva yako yeye hazitangazi pale. Aidha hataki, au amesahau.

Fanya jambo moja kabla sijasema zaidi. Ingia kwenye seva, pima kutoka Nyali kuja Kibokoni, niandikie.

Msaidizi_Kibokoni alijibu:

Shikamoo mama, na shukrani. Nimepima baada ya Isha. Kutoka seva: 1 mba, kisha 9 nbo, kisha ruta ya kampuni ya madrasa, jina lake nalo lina nbo, lakini muda wake 151. Mwisho ruta yetu, 160. Hakuna lon hata moja. Hiyo 151 imenichanganya. Kama iko Nairobi, mbona iko mbali kama London?

Mama_Mikindani alijibu:

Marahaba mwanangu. Hiyo 151 ndiyo ushahidi wenyewe. Ruta hiyo iko Nairobi kweli, na pakiti yako imeifikia kwa milisekunde nne au tano. Jibu lake ndilo lililopita London, kwa sababu ruta hiyo ni ya mtandao wa madrasa, na mtandao huo hauna njia nyingine ya kufika kwenye seva. Jina limekuonyesha mahali, muda umekuonyesha safari ya kurudi.

Sasa piga hesabu ya sauti ya ustadh. Kibokoni, Nairobi, London, halafu Nyali: kama 150. Seva inaisukuma kwa mtoto wa Likoni kupitia Nairobi: 10. Jumla 160. Mtoto akiitikia, sauti yake inafanya safari ile ile: 160 nyingine. Tangu ustadh afunge mdomo mpaka asikie jibu ni theluthi moja ya sekunde, kabla programu haijaongeza kusubiri kwake. Ustadh wako hajakosea, sikio lake limesikia sawasawa.

Na Mei 12 ndiyo hiyo hiyo. Siku ile zilikatika kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM. Mitandao ikahamishia mizigo kwenye kebo zilizobaki, na zilizobaki zikafurika. Kama mazungumzo ya Kibokoni na Likoni yangepitia kituo cha Nairobi, yasingeigusa bahari. Yenu yalikuwa yanapanga foleni pamoja na ya nchi kadhaa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nchi yetu ililihangaikia mapema. Kituo cha kubadilishana cha Kenya, KIXP, kilianza Nairobi Novemba 2000, na kinaendeshwa na TESPOK, chama cha watoa huduma wenyewe. Zamani hizo tulikuwa tunategemea setilaiti, na barua pepe ya kwenda ofisi ya jirani ilipanda angani ikashuka Marekani au Ulaya kwanza. KIXP hakikumaliza hata miezi miwili. Msimamizi wa mawasiliano alikifunga baada ya malalamiko kwamba kinaingilia haki za pekee za kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena Februari 2002. Ripoti ya Internet Society ya 2020 ilionyesha kwamba mwaka 2012 karibu asilimia 30 ya data ya Kenya ilikuwa ikipatikana humu humu nchini, na kufikia 2020 ikawa karibu asilimia 70. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa mezani na kukubaliana, mtandao kwa mtandao. Kila nikiona lon katikati ya Kibokoni na Nyali, nakumbuka meza zile.

Nenda kwa kampuni ya seva. Usiwaambie intaneti iko polepole, watakupimia kasi na kukuonyesha namba kubwa. Waulize hivi: fungu la anwani ambalo seva yangu imo, je, anayewauzia transiti analitangaza KIXP? Wape vipimo vyote viwili, cha kwenda na cha kurudi.

FundiBakari_Likoni alijibu:

Mama, nisaidie kidogo. Kebo za baharini zinatua hapa kwetu. Mimi mwenyewe nimechimba mitaro karibu na moja. Mbona mitandao isikutane hapa, ikaenda kukutana Nairobi kwenye bara?

Kaka_Ruta alijibu:

Kwa idhini ya mama, hilo nalijibu mimi, maana niko kazini kwenye mtandao mdogo wa hapa Pwani.

Kebo kutua ni jambo moja, mitandao kukutana ni jambo jingine. TEAMS ilikuja kutoka Fujairah mwaka 2009, na SEACOM mwaka huo huo. EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012, na nyingine zimeongezeka baadaye. Nyingi ya data inayopanda ufukweni hapa hupakiwa moja kwa moja kwenda Nairobi na nchi za bara, kama makontena yanayoshuka na kupandishwa reli siku hiyo hiyo. Mombasa imekuwa mlango. Wanunuzi, benki, ofisi kuu za kampuni na ruta zao kubwa viko Nairobi, kwa hiyo makubaliano yalifanyika huko.

Lakini mambo yanabadilika. Mombasa sasa ina vituo vya data, na mahali pa kubadilishana papo, mkono wa KIXP ukiwemo. Sisi tumeunganishwa. Jirani akiwa kwenye swichi ya pale, kifaa kinachounganisha nyaya zetu, namfikia kwa milisekunde moja au mbili. Shida ni ile aliyoisema mama: kampuni kubwa ikiwa inawapokea wateja wa Kibokoni Nairobi, haisaidii hata ikiwa na waya kwenye swichi ya Mombasa. Pakiti itapanda Nairobi kwanza, kisha ishuke. Kubadili hilo kunataka vifaa vya kuwapokea wateja viletwe huku, na mtu wa kuviangalia, na hilo ni gharama ambayo wahasibu huihesabu kwa idadi ya wateja.

Nami nimeshaona upande mbaya wa kutegemea mlango mmoja. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS hapa hapa Mombasa. Nilikuwa mwanagenzi. Data iliyokuwa ikipita mbele ya macho yetu ilibidi itafutiwe njia nyingine. Tangu siku ile kila ninapounganisha mteja namuuliza kwanza, watu unaoongea nao zaidi wako mtandao gani? Hilo ndilo linaloamua pa kumwunganishia.

Msaidizi_Kibokoni alijibu:

Nimerudi na habari baada ya siku tisa.

Kampuni ya seva walinipokea vizuri nilipowapa karatasi mbili. Fundi wao, kijana makini, alifungua ukurasa wa wazi wa kuangalia njia wa mtandao mmoja mkubwa na tukatazama pamoja. Anwani zao za zamani zilionekana kwenye kituo cha Nairobi. Fungu letu, anwani 256 walizozipata mwaka jana, halikuwamo. Walipolipata walimwarifu mwenye kuwauzia transiti alitangaze, akalitangaza London, lakini orodha yake ya kituo cha Nairobi haikuongezwa. Mama, ulisema hataki au amesahau. Ilikuwa kusahau. Mstari mmoja.

Waliandikiana barua pepe siku nne. Jana saa tisa alasiri kijana yule akanipigia, nikapima nikiwa nimeshika simu. 1, 9, 10, kisha 18, mba. Seva 19. Lon haipo. Kutoka Nyali kuja kwetu nako ni 19, na ile ruta ya nbo iliyokuwa 151 sasa ni 10.

Jioni sikumwambia ustadh kitu. Nilikaa nyuma ya chumba nikasikiliza. Alianza na Suratul-Mulk. Aya ya tatu binti mmoja wa Kisauni alifupisha madda, ustadh akasema "vuta" kabla binti hajalimaliza neno, naye akavuta. Ustadh akanitazama tu.

Limebaki moja. Watoto watatu wa Mtongwe wanatumia kampuni nyingine ya intaneti, na kwao bado ni 158. Nimewapima wote watatu.

Mama_Mikindani alijibu:

Alhamdulillahi. Nimeisoma kwa wajukuu.

Hao wa Mtongwe ni mtandao mwingine, mkataba mwingine, kwa hiyo tunaanza upya. Nitumie tracert yao ya kwenda, na ya kurudi kutoka seva, zilizopimwa wakati mmoja. Na hii mpya ya 19 iandike tarehe, uichape, uibandike ukutani karibu na ruta. Orodha za matangazo hubadilishwa usiku na watu wasiokujua, na siku sauti ikianza tena kuchelewa utakuwa na karatasi ya kuwapelekea asubuhi yake.

FundiBakari_Likoni alijibu:

Mtongwe niko kesho, nina kazi mbili huko. Nipe nyumba, nitapita baada ya Alasiri niwapimie mwenyewe.